Gari la spoti huku kwetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kutoka Subaru ya mtumba hadi gari la umeme

Maswali haya nimeulizwa sheli nikijaza mafuta, nimeulizwa gereji nikisubiri oili imwagwe, na mengine nimeulizwa kwa simu usiku na mtu aliyesimama kando ya barabara boneti ikiwa wazi. Ninaendesha Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004 hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo mifano mingi ni ya Subaru na kodi ninazotaja ni za Tanzania Bara. Pale Kenya au kwingine mambo yalipo tofauti, nimesema.

## Ya mwanzo

Gari la spoti ni lipi hasa?

Wapenzi wa magari hawajawahi kukubaliana, na ubishi huu ni mtamu. Msimamo wangu ni kwamba gari la spoti ni lile lililotengenezwa kwanza kwa ajili ya dereva, abiria na mizigo vikafuata baadaye. Usukani unakueleza hali ya barabara, breki hazilegei baada ya kona tatu, na uzito umepunguzwa kila palipowezekana.

Nguvu siyo kigezo cha kwanza. Mazda MX-5 ya mwaka 1989 ilitoka na nguvu farasi 120 tu kwa soko la Japani, lakini ilikuwa na uzito usiofika tani moja, na hadi leo watu wanaisifia. Toyota Mark X au Crown Athlete yenye silinda sita itaiacha mbali kwenye barabara iliyonyooka. Ni magari mazuri, ila yalitengenezwa kwa starehe. Kona ndiyo inayoyatenganisha.

Kwa nini huku wengi wako kwa Subaru na Mitsubishi Evo, si Porsche au Ferrari?

Bei ni sehemu ya jibu, lakini si jibu lote. Magari haya mawili tuliyaona kwa macho yetu yakipita kwenye vumbi letu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kizazi chetu kilikua kikisikia majina: Tommi Mäkinen alishinda mwaka 1996 akiwa na Lancer Evolution, Colin McRae akashinda 1997 kwa Impreza, Richard Burns akarudia kwa Impreza mwaka 2000. Kabla yao Joginder Singh, Mkenya, alishinda kwa Lancer mwaka 1974 na 1976. Mtoto aliyesimama kando ya barabara akaona gari la bluu lenye rimu za dhahabu likiruka tuta hawezi kulisahau.

Jambo la pili ni kanuni za mashindano yenyewe. Ili gari liruhusiwe kushindana, kiwanda kililazimika kutengeneza maelfu ya magari ya aina hiyo na kuyauza kwa watu wa kawaida. Ndiyo maana Impreza na Evo za dukani zilikuwa na tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, na zilisukuma tairi zote nne. Miaka ikapita, Wajapani wakaziuza, na kwa kuwa wao pia wanaendesha usukani kulia, zikaja kwetu. Gari la ubingwa wa dunia likafika bandarini kama mtumba. Sijui ni sehemu ngapi duniani kijana mwenye mshahara wa kawaida amewahi kupata bahati hiyo.

Mashindano ya dunia yaliondoka Kenya baada ya 2002 na yakarudi mwaka 2021, safari hii Naivasha. Kama hujawahi kwenda, nenda.

Mbona magari mengi ya Kijapani ya zamani yameandikwa nguvu farasi 280, sawasawa?

Watengenezaji wa Japani walikubaliana wao kwa wao, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2004, kutotangaza gari lenye zaidi ya 280. Magari kadhaa yalizidi hapo kimyakimya. Ukiona Nissan Skyline GT-R, Evo na STI (toleo kali zaidi la Impreza WRX) zote zimeandikwa 280, ujue hiyo ni namba ya makubaliano. Kwa sababu za aina hiyohiyo mengi yamefungiwa yasizidi kilomita 180 kwa saa, na kwa barabara zetu hakuna haja ya kuifungua hiyo.

Lazima liwe la gia za mkono?

Si lazima, lakini kama ni gari lako la kwanza la spoti, chukua la mkono. Utajifunza mengi ndani ya miezi sita: lini injini ina nguvu, lini inateseka, namna ya kushuka mlima kwa gia badala ya kuchemsha breki. Kwenye foleni ya Mwenge utachoka mguu. Nimechoka miaka yote hii na bado nisingebadilisha.

Nina watoto wawili. Nisahau?

Usisahau. Forester yenye tabo, Legacy ya wagoni na Impreza ya wagoni zina injini za familia moja na WRX, na nyuma zinabeba viti vya watoto na mifuko ya sokoni. Kabla ya kuwapandisha watoto, soma kwanza swali la mifuko ya hewa hapa chini.

## Kununua

Kuagiza kutoka Japani kunagharimu nini zaidi ya bei ya gari?

Usafiri wa meli, bima, kisha kodi, na kodi ndiyo inayowaangusha wengi. Tanzania Bara gari dogo la abiria linalipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini (asilimia 5 kwa injini iliyozidi sisi (cc) 1,000 lakini haijapita 2,000, asilimia 10 likizidi hapo), na VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Halafu kuna ushuru wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Kodi hizi hupandana, moja inahesabiwa juu ya nyingine, na zinaanzia kwenye thamani ambayo TRA, mamlaka ya mapato, imeiweka, siyo bei uliyoelewana na muuzaji. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti.

Kenya ni habari nyingine: gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa. Kwa hiyo WRX ya 2004 inayouzwa Nairobi leo iliingia zamani, imeshapita mikono kadhaa, na historia ya mikono hiyo ndiyo unayonunua.

Nikague nini kwenye WRX au STI iliyotumika?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Nenda asubuhi, umwambie muuzaji mapema kwamba hutaki gari liwashwe kabla hujafika. Ukikuta injini ina joto, rudi siku nyingine. Injini ya baridi haifichi. Fungua mfuniko wa rejeta: maji yawe na rangi yake, yasiwe na mafuta juu. Vuta kijiti cha oili: kiwango kiwe juu ya alama ya chini, na oili isiwe kama maziwa. Kisha washa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mlio wa kugonga unaofuata mzunguko wa injini, mzito, kutoka chini, ni bearingi za shafti, na hapo usijadili bei, ondoka.

Liache lipate joto, angalia tanki la akiba la maji. Mapovu yasiyokwisha yana maana gasketi ya silinda hedi inapitisha gesi. Halafu lipia fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne. Injini ya EJ ya tabo, ndiyo iliyomo kwenye WRX na STI hizi, ina tabia ya kupasuka kingo za pistoni zinazoshika ringi, na silinda moja ikiwa chini ya wenzake utaliona hapo, hata kama gari linakwenda vizuri. Muuzaji akikataa kipimo hicho, amekujibu tayari.

Angalia na namba ya chesisi. Impreza ya kizazi hicho ikianza na GDA ni WRX, na GDB ndiyo ya STI. Beji ya STI ya rangi ya waridi inauzwa popote na rimu za dhahabu pia. Gia sita na namba ya chesisi si rahisi kuigiza. Hakuna ubaya wowote na GDA, ndiyo ninayoendesha mimi, ubaya ni kuilipia bei ya STI.

Mwisho omba karatasi ya mnada wa Japani. Herufi R mahali pa daraja ina maana gari lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, W ni sehemu iliyonyooshwa au kupakwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita zilizoandikwa pale ndizo za kuamini, kuliko zile za kwenye dashibodi.

Evo au Subaru?

Evo za kwanza hadi ya tisa zina injini ya 4G63 yenye bloku ya chuma cha kutupwa, ngumu kuliko EJ, inavumilia tabo kubwa. Udhaifu wake, kuanzia Evo ya nne, uko nyuma: mfumo unaogawa nguvu kati ya tairi za nyuma hutegemea pampu inayooza kwa kutu na kuibadilisha ni ghali. Spea za Subaru ni nyingi zaidi mtaani, na mafundi wanaoijua pia. Kwa mtu anayeishi mbali na Dar au Nairobi, hilo la spea lingeniamulia.

Mazda RX-8 mbona bei rahisi hivyo?

Kwa sababu injini yake haina pistoni. Ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka, ni ndogo, nyepesi, inalia vizuri sana, na imeundwa kula oili kidogo kwa makusudi ili kulainisha sili za kwenye pembe. Mwenye gari asipojua hilo anaacha oili iishe. Sili zikichoka mgandamizo unashuka, na dalili ya kwanza ni gari kugoma kuwaka likiwa la moto. Kwa hiyo kinyume na WRX, RX-8 ijaribu ikiwa na joto: izime, subiri dakika tano, washa. Pia ina tabia ya kuzama petroli ukiiwasha baridi ukaizima hapohapo, mfano kuisogeza tu uani. Nunua kama umepata fundi wa rota kabla ya gari.

## Kuishi nalo

Niweke petroli gani?

Petroli ya juu kabisa unayoweza kuipata, na kila mara, siyo kwa sikukuu. Petroli ya daraja la juu huko Japani lazima iwe na oktani (kipimo cha petroli kustahimili kulipuka mapema) 96 au zaidi, na inayouzwa sheli huwa inakaribia 100. WRX, STI na Evo za soko la Japani zilipangiwa petroli hiyo, na ndiyo maana ndani ya kifuniko cha tanki kuna maandishi ya Kijapani yasiyosomwa na mtu. Petroli yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Tabo inaposukuma hewa nyingi kwenye petroli dhaifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni. Hizo ndizo kingo zinazopasuka nilizozitaja kwenye swali la kukagua.

Kompyuta ya gari hujaribu kuokoa hali kwa kuchelewesha cheche, lakini ina mpaka. Ukiwa umebaki na petroli ya kawaida tu njiani, endesha kwa utaratibu, usikanyage mpaka tabo ijae. Ukipanga kukaa na gari miaka mingi, tafuta mtu wa kulipanga upya kompyuta kwa petroli yetu. Utapoteza nguvu kidogo na utabaki na injini.

Oili nimwage kila baada ya kilomita ngapi?

Elfu tano, au miezi sita, kinachotangulia. Na kijiti ukitazame kila unapojaza tanki. Naomba hili lisichukuliwe kirahisi. Injini yangu ya kwanza niliiua kwa safari moja ya Morogoro na kurudi. Oili ilikuwa mpya, ningeapa, nilikuwa nimeimwaga wiki tatu kabla. Ila injini ilikuwa inakunywa, mimi sikuangalia, na karibu na Mlandizi nikasikia ule mlio wa kugonga. Nilizima nikakaa kwenye kingo ya barabara zaidi ya saa nzima kabla sijaweza kumpigia mtu simu. Kutazama kijiti kungechukua sekunde ishirini.

Pamoja na hilo: usilikimbize kabla halijapata joto, na ukitoka mwendo mrefu liache lingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, tabo ipoe.

Taiming belti je?

Ibadilishe kila kilomita 100,000, pamoja na puli zake na pampu ya maji. Kama hujui ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa. Kwenye injini ya EJ ya tabo belti ikikatika vavu zinagonga pistoni. Belti ni bei ya tairi mbili. Vavu zikigonga ni bei ya injini.

Ule mngurumo wa Subaru unatoka wapi?

Watu hudhani ni kwa sababu silinda zimelala, ile inayoitwa injini ya boksa. Sababu ya kweli iko kwenye bomba la moshi: mabomba yanayotoka kwenye silinda hadi kwenye tabo hayalingani urefu, kwa hiyo moshi unafika kwa mapigo yasiyo sawa. Ni maelewano ya nafasi na gharama ambayo wahandisi walikubali. Walipotengeneza mabomba yanayolingana kwenye STI za Japani za baadaye, tabo ikafanya kazi vizuri zaidi na mngurumo ukapungua sana. Kumbuka jibu hili utakapofika kwenye swali la sauti na magari ya umeme.

Nimesikia mifuko ya hewa ya magari ya zamani inaweza kuua. Kweli?

Kweli kabisa, na watu wa pwani tunahusika kuliko wengine. Magari mengi ya miaka ya 2000, yakiwemo ya Kijapani tunayoyapenda, yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali inayoijaza huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifyatuka, kasha la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni kwa dereva. Watu wamekufa katika nchi kadhaa. Watengenezaji waliita mamilioni ya magari yarudi yabadilishiwe, lakini gari lililokuwa limeshauzwa kwenda nje mara nyingi lilipitwa na mwito huo.

Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji, au peleka kwa wakala wake, uone kama lako limo na kama lilibadilishiwa. Mombasa, Tanga, Dar, Zanzibar: fanyeni hili kabla ya kununua rimu.

Bima ndogo inatosha?

Kisheria ndiyo. Kwa gari ambalo taa moja ya mbele inaweza kukumaliza mshahara, lipa bima kubwa, na uwaandikie kampuni ya bima mabadiliko yote uliyofanya kwenye injini. Usipowaambia, siku ya ajali watakuwa na sababu ya kutolipa.

Nikimbize wapi?

Si Barabara ya Morogoro, wala Bagamoyo usiku. Kuna kilomita 50 kwenye makazi kwa sababu kuna watoto wanaovuka kwenda shule na mama anayeuza mihogo hatua mbili kutoka kwenye lami. Nimeshahudhuria msiba uliotokana na mashindano ya barabarani na sina maneno mengine juu yake. Nenda kwenye vilabu vya mbio za magari, kuna siku za mashindano mafupi kwenye viwanja vilivyofungwa na madaraja ya wanaoanza. Utagundua kwamba gari lako lina uwezo zaidi yako, na hapo ndipo kujifunza kunaanza.

## Umeme unakuja

Ni kweli gari la umeme linaishinda Subaru yangu?

Kwa kuondoka, ndiyo, bila ubishi. Mota ya umeme haingojei mzunguko upande wala tabo ijae, nguvu yote ipo pale unapogusa. Hyundai Ioniq 5 N iliyotoka 2023 inafikia nguvu farasi zaidi ya 600 na inagonga kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde tatu na nusu hivi. STI ya kiwandani haifiki hapo. Lakini Ioniq hiyo ina uzito wa tani 2.2 hivi, na WRX yangu tani 1.4. Uzito huo hauonekani kwenye mstari ulionyooka. Unauona kwenye breki, kwenye tairi zinazoisha, na kwenye matuta yetu.

Bila sauti na bila gia, bado ni gari la spoti?

Hapa ndipo wapenzi wamegawanyika vibaya. Wapo wasiotaka kusikia. Wapo walioendesha Porsche Taycan ya umeme wakarudi wamebadilika. Hyundai wenyewe walijaribu kuwapatanisha: Ioniq 5 N ina gia za kuigiza, ukivuta kijiti cha nyuma ya usukani gari linashtuka kama limebadilisha gia, na spika zinatoa mlio. Wengine wanaliona ni jambo la kitoto. Mimi naliona ni heshima kwa dereva: wameelewa kwamba mkono na sikio vinahitaji kazi.

Kuhusu sauti, rudi kwenye swali la mngurumo. Kile tunachoogopa umeme utatunyang'anya, wahandisi wa petroli walishaanza kukiondoa wenyewe zamani, kwa kulinganisha mabomba. Nitaukosa, sifichi. Nikisikia boksa ikiwaka uani asubuhi moyo wangu bado unaruka. Lakini kama kigezo changu ni kile nilichokisema mwanzoni, gari linalomfikiria dereva kwanza, basi umeme haujalifuta swali. Umelileta upya, na kwa sehemu kubwa kinachokosekana ni wepesi.

Viwanda vimeshaachana na petroli?

Baadhi ya majina yetu yamekwisha. Evo ilisimama na toleo la mwisho la 2015 na 2016. Mwaka 2022 Subaru walitangaza kwamba hakutakuwa na WRX STI mpya ya petroli. Nissan GT-R ilimaliza uzalishaji mwaka 2025. Kwa upande wa pili Toyota walileta GR Yaris mwaka 2020, ya silinda tatu na tairi zote nne, kwa sababu ileile ya zamani ya kushindana kwenye rali, na GR86 na MX-5 bado zipo.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kusimamisha magari mapya yanayotoa moshi ifikapo 2035, na mvutano wa kuilegeza umeendelea tangu hapo. Jirani zetu Ethiopia hawakungoja: mwaka 2024 walizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Pia kuna wanaotengeneza petroli kwa umeme wa upepo, maji na kaboni. Porsche wanashiriki kiwanda cha namna hiyo kusini kabisa mwa Chile. Ni kiasi kidogo na ghali. Usingoje hicho kikuokoe.

Umeme wetu utaweza?

Kuzalisha si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Kenya sehemu kubwa ya umeme wake inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, na Tanzania sasa ina Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Tatizo liko mtaani kwako: transfoma iliyozidiwa, umeme unaoshuka jioni, na nyaya za nyumba zilizopigwa na mtu asiyejulikana.

Hesabu ya nyumbani ni hii. Gari dogo la umeme linakula uniti (kilowati-saa) 15 hadi 17 za LUKU kwa kilomita 100. WRX yangu inakula lita 13 hivi kwa umbali huohuo mjini. Zidisha kwa bei ya siku unayosoma, utaona mwenyewe. Soketi ya kawaida ya ukutani inatoa kama kilowati 2 hadi 3, kwa hiyo betri ya uniti 40 itakaa usiku kucha na asubuhi yake. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee waya wake peke yake kutoka kwenye mita.

Nissan Leaf ya mtumba inafaa?

Inafaa kwa mjini, ukiangalia betri kwanza. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, inategemea hewa tu, na joto la pwani haliihurumii. Kwenye dashibodi kuna vipande 12 vya afya ya betri pembeni ya vile vya chaji, viwili tofauti, usivichanganye. Vikipungua hadi 9 au 8, umbali umeshakatika sana. Pima kwa kifaa cha kuchomeka kwenye OBD, tundu la kusomea kompyuta ya gari, na programu ya simu, usitegemee dashibodi peke yake.

Angalia pia tundu la kuchajia haraka. Leaf za Japani zina CHAdeMO, magari mapya ya Kichina mara nyingi huja na GB/T, na ya Ulaya CCS2. Uliza kituo kilicho karibu nawe kina plagi gani kabla hujaagiza.

Mafundi wetu watakula nini?

Swali hili ndilo linaloninyima usingizi, kuliko la sauti.

Mapenzi ya magari huku kwetu yamejengwa na mnunuzi wa pili, wa tatu na wa nne. Hakuna mtu mtaani kwangu aliyewahi kununua Impreza mpya. Tumeyapenda magari haya kwa sababu yanafunguka: fundi wa chini ya mwembe anashusha injini ya EJ asubuhi, jioni bloku iko mezani, na kijana wa miaka kumi na saba anayemshikia spana amejifunza kitu. Yule kijana ndiye mpenzi wa magari wa kesho.

Kwa hiyo mimi silipimi gari la umeme kwa sekunde zake. Ninauliza kama mwenye nalo wa nne ataweza kulitengeneza. Betri ya Leaf ya kwanza ina moduli 48 zilizofungwa kwa bolti. Ukiwa na ujuzi unaifungua, unatoa moduli mbovu, unaweka nyingine. Magari mengine ya sasa yana seli zilizogandishwa kwa gundi na povu, betri ikiwa sehemu ya mwili wa gari, na seli chache zikifa unaambiwa ununue betri nzima. La namna hiyo, hata likiwa na kasi ya risasi, halitazaa wapenzi huku. Litakuwa takataka ya bei mbaya.

Naomba niseme na mafundi moja kwa moja: waya wa rangi ya machungwa una volti 400 hivi, na hausamehi. Usiguse bila mafunzo na glovu zake. Lakini mafunzo yatafuteni sasa, msingoje magari yajae. Nairobi na Kigali kuna vijana wanaotengeneza mabasi na pikipiki za umeme kila siku, na kwenye pikipiki ndiko mwanzo mzuri zaidi, volti ni ndogo na kazi ipo.

## Ya pembeni

Naweza kuitoa injini ya Subaru yangu nikaweka mota ya umeme?

Inawezekana. Njia ya kawaida ni kuchukua mota na betri ya Leaf iliyogongwa. Ugumu uko kwenye kugawa uzito, breki zinazotegemea mvuto wa hewa wa injini, na karatasi: kadi ya gari ina aina ya injini na mafuta, na mabadiliko lazima yapite TRA na ukaguzi. Kama bodi ni nzima na injini imekufa, ni mradi mzuri wa miaka miwili. Kama injini yako ni nzima, nakusihi usiiguse.

Nikilitunza, litapanda bei?

Machache hupanda. Impreza 22B ya 1998 zilitengenezwa 400 kwa Japani na leo bei yake haisemeki. Nissan Skyline R34 ilipanda kwa sababu Marekani huruhusu gari kama hilo kuingizwa likifikisha miaka 25. Yetu yamepigwa rangi mara tatu, yameletwa injini nyingine, hayatafika huko. Nunua uendeshe.

Nimeshindwa kulihudumia. Niliegeshe au niliuze?

Kama ni miezi michache, egesha: tanki lijae, betri ichomolewe, tairi zipewe upepo zaidi kidogo, liwe kwenye kivuli na si juu ya udongo mbichi. Kila wiki mbili rudishia betri, liwashe mpaka lipate joto kamili, ulisogeze hatua chache. Kuwasha dakika mbili na kuzima ni vibaya kuliko kutoliwasha.

Ikizidi mwaka, liuze likiwa zima. Watu huanza kwa kuuza viti, kisha rimu, kisha tabo, mwisho linabaki gamba ambalo hakuna atakayelifufua. Mwambie mnunuzi kila ubovu unaoujua, mpe karatasi ya mnada na daftari la oili, umpe na namba ya fundi wako, na kama ni kijana, siku ya kwanza kaa naye kiti cha abiria umwonyeshe kijiti cha oili kiko wapi.